Kazi na Mgongo Uliokubeba

Benchi letu liko upande wa juu wa soko la Daraja Mbili, mahali pikipiki zinapogeuzia, mkabala na vibanda vya mitumba. Ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya mawe mawili, na mimi hukaa mwisho wake na jiko langu, birika na vikombe vinane. Kahawa ni ya shamba la mama mkwe wangu. Naikaanga na kuitwanga mwenyewe, kisha natia tangawizi. Mtoto wangu, Kemunto, huwa mgongoni. Wateja wa kila siku nawajua kwa majina ya stejini, pale pikipiki zinapongoja abiria. Okemwa, mwendesha boda, anaitwa Breki, kwa sababu hapendi kuzitumia. Jethro, fundi wa simu, anaitwa Redio, kwa sababu akisikia jambo ni lazima alitangaze. Lorna hurekebisha nguo za mitumba kwa cherehani, naye anaitwa Inchi. Wa nne ni Nyakundi, kijana mpole wa boda, anayeitwa Likizo, kwa sababu ndani ya miaka mitatu ameandikwa kazi tatu nzuri na zote akaziacha bila kufukuzwa. Mimi huwa sisemi mengi. Alhamisi iliyopita nilisema maneno machache sana na mengine yote nilisikiliza, kwa hivyo nadhani nimeyashika vizuri.

Saa nne asubuhi Nyakundi alikuwa amekaa katikati ya benchi, simu juu ya goti, kahawa yake inapoa.

— Likizo, unangojea simu ya nani? Okemwa akamuuliza.

— Singojei. Mimi ndiye napaswa kupiga. Keval wa duka la rangi amesema nimpe jibu kabla ya saa saba.

— Jibu la nini?

— Anataka kuniandika. Kuchanganya rangi, pale kwenye mashine. Kazi ya kudumu. Nisipopiga, kuna kijana mwingine anangoja.

Lorna akaacha kula karanga.

— Na wewe umekaa hapa unaangalia simu kama mtu anayeangalia maziwa yachemke?

— Naogopa, dada Lorna.

— Unaogopa rangi?

— Naogopa nitaacha. Mnajua nilivyo. Nitaanza vizuri, halafu siku moja miguu itanitoa. Keval ni mtu mzuri. Sitaki kumfanyia hivyo. Na mke wangu ameniambia nikiacha hii ya nne, nisirudi nyumbani kumweleza, nimwandikie barua.

Jethro akaweka kikombe chini. Tukajua kuna habari inakuja.

— Likizo, ugonjwa wako nimeusikia Sabato iliyopita.

— Mimi si mgonjwa.

— Ngoja. Alasiri nilikuwa Nyanchwa kanisani, kwenye darasa la familia. Kulikuwa na mwalimu mgeni, mama mmoja ametoka mbali. Alisema kazi utakayoipenda haianzii shuleni. Inaanza ukiwa na mwaka mmoja, kwa jinsi ulivyoshikwa.

— Ulivyoshikwa na nani, polisi? Okemwa akauliza.

— Na mama yako, Breki. Sikiliza kwanza. Kuna watu aina tatu. Wa kwanza alipolia alichukuliwa, akabembelezwa, akatulia. Huyo akikua anafanya kazi bila wasiwasi. Akikosea anauliza, jioni anaenda nyumbani analala. Wa pili alipolia, leo alichukuliwa, kesho aliachwa. Huyo kazini anachunguza uso wa bosi. Bosi akinuna kidogo, yeye hali chakula. Wa tatu alilia mpaka akaona hakuna haja. Huyo anapenda kazi ya peke yake, na akianza kuzoeana na watu, anatoroka.

Benchi zima likamgeukia Nyakundi.

— Mbona mnaniangalia?

— Hatukuangalii, Lorna akasema. Endelea kunywa kahawa yako, wa tatu.

Okemwa alikuwa amekunja uso. Akifikiri huwa anavua kofia ya pikipiki na kuiweka mapajani kama kuku.

— Redio, huyo mwalimu hakutoka huku kwetu.

— Nimesema ni mgeni.

— Ndiyo maana. Anasema mama, mama. Mama yangu alikuwa kwenye majani chai tangu asubuhi, na kikapu mgongoni. Mgongo ulikuwa na kazi nyingine. Mimi nilibebwa na omoreri. Na wewe. Na huyu.

Huku kwetu omoreri ni yule mtoto mkubwa kidogo anayepewa mtoto mchanga amlee wakati mama yuko shambani. Mara nyingi ni dada, wa miaka saba au minane, anafungiwa mtoto kwa leso na kuambiwa asimwangushe. Hakuna aliyekaa kwenye benchi lile ambaye hakupitia mgongo kama huo.

— Kwa hivyo, Okemwa akaendelea, ukitaka kujua kazi ya mtu, usiulize mama. Uliza alibebwa na nani. Mimi nilibebwa na dada yangu aliyependa kuruka kamba. Alikuwa haniteremshi. Anaruka na mimi. Sasa mnashangaa kwa nini siwezi kukaa ofisini?

— Hakuna ofisi iliyowahi kukuita, Lorna akasema.

— Waliogopa.

Jethro akajaribu kurudisha somo lake.

— Mwalimu hakusema mambo ya kamba.

— Mwalimu alikuwa na saa moja tu. Angepewa mbili angefika kwenye kamba.

Hapo Lorna akacheka, kisha akapangusa chumvi ya karanga vidoleni.

— Kuna ukweli ndani yake, lakini, akasema. Mimi nilibebwa na ndugu yangu mkubwa, kwa sababu kwetu nilikuwa msichana peke yangu. Alikuwa anaona haya. Akisikia wavulana wenzake wanakuja, ananiweka chini ya migomba, ananifunika na jani, anajifanya anakata majani ya ng'ombe. Wakipita ananichukua. Na mimi mpaka leo siwezi kushona mtu akinitazama. Cherehani yangu iko nyuma ya mlango. Mteja akisimama karibu, sindano inakatika.

— Si unaona? Okemwa akasema. Hiyo ni aina ya nne. Aina ya migomba.

— Zilikuwa tatu, Jethro akasema.

— Zimezaa. Na kuna jambo la fundo pia. Leso ikifungwa fundo juu ya bega la kushoto, mtoto anakua polisi. Bega la kulia, mwalimu. Fundo likifungwa kifuani katikati, huyo ni mhubiri.

— Na wabunge?

— Hao hawakuteremshwa. Walikuwa wakiwekwa chini wanalia, wanachukuliwa tena. Mpaka leo ukiwaweka chini wanalia.

Okemwa akanigeukia, na mimi nikajifanya napuliza makaa.

— Mama Kemunto, huyu wako anafanya nini huko mgongoni siku nzima?

— Analala tu, nikasema.

— Basi huyo ataajiriwa na kaunti.

Walicheka mpaka mama wa viazi aliyekuwa karibu akauliza kuna nini. Hata mimi nilicheka, ila kwa upande. Nyakundi pekee hakucheka. Alikuwa anageuza simu, anaiangalia saa, anaiweka tena.

— Nyinyi mnacheza, akasema. Imefika saa tano.

— Hatuchezi. Hii ni kazi yako tunafanya, Okemwa akamwambia. Hebu tueleze, yule bosi wako mwenye mkate ulimwacha kwa nini? Alikusumbua?

— Hapana. Alikuwa mzuri.

— Mzuri namna gani?

Nyakundi akakuna shingo.

— Aliniokea keki. Ilikuwa siku yangu ya kuzaliwa. Aliandika na jina.

— Halafu?

— Nikala. Kesho yake sikuenda.

— Haya. Na yule mzee wa Tabaka, wa kuchonga mawe?

— Alianza kuniita mwanangu. Akanipa kile kigoda chake cha karibu na dirisha.

— Ukatoroka.

— Nilikaa siku mbili kwanza.

— Na ile shule ya chekechea, ulipokuwa unalinda geti?

— Watoto walianza kunichora, Nyakundi akasema polepole. Walimu wakabandika ile michoro ukutani. Nilikuwa na miguu mirefu sana kwenye zote.

Okemwa akapiga goti.

— Jameni, mtu huyu ukimpenda umemfukuza.

Jethro alikuwa anatikisa kichwa kama daktari.

— Ni aina ya tatu kabisa. Mwalimu alisema kila mtu atafute kazi inayofanana na alivyo. Likizo, duka la Keval lina watu kumi. Wote wanakula chakula cha mchana pamoja nyuma ya duka, nimewaona. Nayna, mke wake, anawapakulia mwenyewe. Wewe hutamaliza mwezi. Kazi yako ni kulinda ule mlingoti wa simu kule juu mlimani. Mwezi mzima huoni mtu.

— Nani atamletea chakula? Lorna akauliza.

— Anayeleta anakiacha chini, anarudi. Wasizoeane.

— Unampangia kazi ama unamzika?

— Nafuata somo.

— Hebu na mimi nikuulize, Likizo, Lorna akasema. Jana nilikuona kwa Keval.

— Nilikuwa napita.

— Ulipita mkono umejaa rangi ya kijani mpaka kwenye kiwiko?

Nyakundi akaficha mkono chini ya paja, ingawa ulikuwa umeshaoshwa.

— Kuna mama alileta kipande cha ukuta, akasema. Kidogo hivi, kimebanduka. Anataka rangi ile ile. Mashine ilikuwa inaleta kijani cha nyasi, na ule ukuta ulikuwa kijani cha parachichi likikatwa, pale karibu na mbegu. Nikawaambia waongeze manjano, halafu tone moja la nyeusi. Moja tu. Wakapaka juu ya kile kipande, na huwezi kuona kimeanzia wapi.

Alipokuwa akisema hayo uso wake ulibadilika kabisa. Nilikuwa simjui na ule uso. Halafu akakumbuka saa, ukarudi ule wa kawaida.

— Lakini Redio anasema kweli. Watu kumi. Labda ni heri ule mlingoti.

Sikupenda alivyosema. Nikamwongezea kahawa bila kuombwa.

Okemwa sasa alikuwa amesimama. Akisimama, ujue maneno yamekuwa makubwa kuliko benchi.

— Mimi nasema makampuni yanakosea. Wanaita mtu kwa mahojiano, wanaangalia cheti, wanauliza unaweza kompyuta. Wangemwita omoreri wake. Akae pale kwenye kiti, aulizwe. Huyu ulimbeba miezi mingapi? Ulimwangusha mara ngapi? Akilia ulimpa nini? Akimaliza kujibu, unajua kama utaandika mtu au utamrudisha. Kazi zingekuwa na watu wanaofaa na hakuna mtu angenuna Jumatatu.

— Basi mpigieni wa Likizo, Lorna akasema. Tumalize.

— Hakuna haja ya kumpigia, Nyakundi akasema. Anakuja leo. Ni dada yangu Nyanchera, ameolewa Nyamache. Analeta ndizi soko hili. Nilimwambia anipitie hapa.

Hazikupita dakika ishirini, Nyanchera akafika juu ya pikipiki, mikungu mitatu ya ndizi imefungwa nyuma yake. Ni mwanamke mpana kidogo, anatembea upesi. Alimlipa mwendeshaji, akasalimia kila mtu bwakire, salamu yetu ya asubuhi, hata Kemunto aliyekuwa amelala, akakaa. Nikampa kahawa. Alikuwa hajaionja bado, Okemwa akaanza.

— Dada, wewe ndiye uliyembeba huyu?

— Nilimbeba mpaka akafika miaka minne. Kwa nini?

— Tunakuchunguza.

Wakamweleza yote, wote watatu kwa pamoja: aina tatu, migomba, fundo, mlingoti. Nilidhani atakasirika. Alisikiliza mpaka mwisho, akanywa kahawa nusu, akamgeukia Nyakundi.

— Hizo kazi tatu, kuna mtu alikufukuza?

— Hakuna.

— Sasa siku ya kuondoka, uliwaambia nini?

Okemwa akamwangalia Jethro. Jethro akaangalia kikombe. Tangu saa nne walikuwa wameuliza yote isipokuwa hilo, na hakuna aliyejua.

— Mwenye mkate nilimwambia naenda kununua hamira, Nyakundi akasema mwishowe.

— Ukapitiliza.

— Ndiyo.

— Na mzee wa Tabaka?

— Naenda kuchukua msasa.

— Na shule?

— Naenda pale nje kidogo kujibu simu.

Lorna alikuwa ameshaanza kucheka, kiganja mdomoni, na Okemwa akasema yule mwenye mkate labda mpaka leo unga wake haujaumuka. Lakini Nyanchera hakucheka. Aliweka kikombe kwenye ubao, taratibu.

— Mimi nilikuambia naenda mtoni kuchota maji, akasema.

Nyakundi akainua macho.

— Shangazi alikuwa amekuja kunichukua nikasome kwake Nyamache. Mama akasema nikikuaga utalia, utafuata gari. Kwa hivyo nikabeba mtungi, nikautua nyuma ya nyumba, nikaenda. Unakumbuka?

— Nilikuja mtoni.

— Ulikuja?

— Na kile kibuyu kidogo. Nilikungoja. Halafu nilikuja na kesho yake.

— Mpaka lini?

— Sijui, dada. Mpaka nikazoea.

Okemwa alivaa kofia yake ya pikipiki, na kioo chake akakiteremsha, ingawa hakuwa anaenda popote. Nyanchera aliweka mkono mgongoni mwa ndugu yake, palepale katikati, akauacha hapo.

— Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, akasema. Sikujua kama kuna njia nyingine ya kuondoka. Nisamehe.

— Hata mimi nilikuwa sijui, Nyakundi akasema.

Jethro akakohoa. Akauliza kwa sauti ya chini kama hilo liko aina ya pili au ya tatu. Lorna akamwambia anyamaze, na akanyamaza, jambo ambalo stejini watakumbuka.

— Hiyo kazi ya rangi unaitaka? Nyanchera akauliza.

— Naitaka sana.

— Basi usimwambie huyo Keval kwamba hutaondoka. Hakuna anayejua. Mwambie siku ya kuondoka utamuaga.

Ilikuwa saa sita na nusu. Nyakundi akapiga, na kwa kuwa spika ya sikioni ya simu yake ilikufa, na Jethro ameahidi kuitengeneza tangu mwezi wa tatu, ilibidi aweke sauti kubwa. Wote tukasikia.

— Nyakundi. Nilidhani umepotea, Keval akasema. Huyo kijana mwingine yuko hapa anakunywa chai yangu.

— Bosi, Jumatatu nakuja. Lakini nina sharti.

— Hujaanza, una sharti tayari?

— Siku nikitaka kuacha, nitakuja nikuage uso kwa uso. Kwa hivyo nikikuambia naenda kununua kitu halafu nitarudi, usikubali niende peke yangu. Nitume na mtu.

Tukasikia mashine ikizunguka huko nyuma, na mtu akiuliza bei ya brashi.

— Yaani unaniaga kabla ya kuanza, Keval akasema.

— Ndiyo, bosi.

— Mimi watu wengi wameniacha. Wewe ni wa kwanza kunipa taarifa mapema hivi. Sawa. Jumatatu saa mbili. Chakula cha mchana ni hapa, usibebe. Na vaa shati usilolipenda, hii rangi haitoki kamwe. Unalo?

Nyakundi akajitazama. Akafikiri. Akafikiri tena.

— Sina, bosi.

— Huna shati usilolipenda?

— Yote niliyo nayo nilipewa na watu.

— Basi nunua, Keval akasema, akakata.

Okemwa akapandisha kioo cha kofia. Macho yalikuwa mekundu kidogo, akasema ni moshi wa jiko langu. Nikakubali. Nyanchera akamwomba mama wa viazi amwangalizie ndizi, akamshika Nyakundi mkono, wakavuka kwenda vibanda vya mitumba, Lorna nyuma yao kama mtaalamu wa nguo, na Okemwa na Jethro nyuma ya Lorna, kwa sababu kila mmoja alisema anajua shati baya akiliona.

Mimi singeweza kuacha jiko, lakini ni mkabala tu, niliwaona na kuwasikia. Okemwa alitoa moja la zambarau lenye picha za mananasi. Nyakundi akalishika, akaligeuza juani, akasema zambarau hiyo imetiwa bluu kidogo, angalia, ni nzuri, akalirudisha. Jethro akaleta la kahawia lisilo na mfuko. Nyakundi akapitisha kidole kwenye kola, akauliza alikuwa nani aliyelivaa mpaka likawa laini hivyo, akalirudisha pia. Mwenye kibanda alianza kuchoka. Lorna akachimba chini kabisa ya rundo, akavuta moja la rangi ya matope, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, kifungo kimoja tu.

— Hili hakuna mtu anaweza kulipenda, akasema.

Nyakundi akalivaa juu ya lile alilokuwa nalo. Akanyoosha mikono, wa kushoto ukafika vidoleni. Akakaa hivyo kidogo, dada yake akimtazama.

— Ngoja kwanza, akasema. Hebu mnipe lingine. Hili nimeanza kulizoea.